Babu Mwenye Vitovu Viwili

Babu yangu mzaa mama ana vitovu viwili, na cha pili mimi ndiye niliyekibandika kwa solusheni ya kuzibia pancha. Nalisema mapema kwa sababu wajomba zangu hulisimulia kila penye harusi na kila penye msiba, na kila wakilisimulia wanaongeza kitu. Mara ya mwisho nilisikia kwamba niliweka na kiraka cha tairi. Kiraka sikuweka. Nilikifikiria tu.

Kitovu cha pili kina historia yake. Babu alizaliwa upande wa Didia, akakulia kwenye majaruba ya mpunga na kwenye lambo ambalo ng'ombe, bata na watoto walilitumia kwa zamu, na mara nyingi bila zamu. Enzi zake mvulana akianza kukojoa damu wenzake walimpongeza. Waliamini amepevuka, kama msichana anavyopevuka. Babu anasema walikuwa wakijipanga kwenye tuta la jaruba kuona mkojo wa nani unamalizia na tone jekundu kuliko wengine, na yeye alikuwa bingwa misimu miwili mfululizo. Hakuna aliyewaambia kwamba ubingwa ule ni kichocho, na kwamba mdudu aliyepenya kwenye ngozi ya mguu anaweza kukaa ndani miaka na miaka, akikikwangua kibofu hadi kiote kansa wakati mtu tayari ana wajukuu.

Kwa hiyo damu iliporudi uzeeni Babu hakushtuka. Alifikiri ujana umemkumbuka. Aliificha karibu msimu mzima wa kilimo, mpaka siku aliposhindwa kabisa kukojoa na wajomba wakampeleka hospitali kubwa ya kanda. Huko kibofu kiliondolewa. Wakakata kipande cha utumbo wake mwenyewe, wakakifanya mrija wa kupitishia mkojo, wakautoa nje ya tumbo upande wa kulia, karibu na kitovu alichotoka nacho kwa mama yake. Palibaki kinyama chekundu, chenye umajimaji, kama mdomo wa kifaranga anayedai chakula. Juu yake huvishwa mfuko wa plastiki wa kupokea mkojo. Babu alipozinduka swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa kibofu chake kiko wapi, maana kwetu ng'ombe akichinjwa kibofu ni cha watoto, hupulizwa kikawa mpira, na yeye hakuona sababu ya chake kupotea bure.

Mimi wakati huo nilikuwa karibu na Runzewe, kwenye machimbo, nikiendesha pampu ya kutoa maji kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Nilitoka siku moja kwenda kuangalia karasha linavyosaga mawe, nikasahau kurudi. Tangu hapo nimekaa Geita, Kahama, Ushirombo, Mhunze, popote penye kitu ambacho sijakiona kikifanyika. Bibi alinipigia simu asubuhi nikiwa nimelala juu ya mabomba.

"Mume wangu," akasema, "rudi nyumbani. Huyu mume mwenzako ananisumbua."

Hivyo ndivyo tunavyotaniana. Mjukuu ni mume wa bibi yake, na babu anamwita mwizi wa mke. Utani huo ndio ulionipa kazi. Wajomba ni watoto wake wa kuwazaa, na mtoto haangalii uchi wa baba yake. Mjukuu hana mwiko huo. Anaweza kuangalia, na hata akicheka haihesabiwi kuwa dharau.

Nilifika nikaelezwa siri. Kijiji kizima kiliambiwa Babu alikwenda kupasuliwa ngiri. Habari ya mfuko tuliijua watu wachache wa nyumbani, na sababu ya kuificha haikuwa aibu ya kawaida. Babu ni manju. Kwetu manju ndiye anayetunga nyimbo na kuongoza kundi la ngoma, na baada ya mavuno makundi mawili husimama uwanja mmoja, kila moja likipiga ngoma yake wakati uleule, na linaloshinda ni lile lililovuta watu wengi upande wake. Silaha kubwa ni kumwimba manju mwenzako. Babu aliwahi kumwimba manju wa upande wa pili kwa sababu ya suruali iliyochanika mnadani, na ule wimbo watoto waliimba wakichunga mbuzi kwa miaka kadhaa. Sasa fikiria mtu huyo aliyeimbwa suruali agundue kwamba adui yake anatembea na mkojo kiunoni.

"Akijua," Babu aliniambia, "hata nikifa wimbo utabaki. Mwili unaoza, mjukuu wangu. Wimbo hauozi."

Mifuko ilikuwa taabu. Muuguzi alikuwa amewafundisha namna ya kuibandika, lakini mimi sikuwepo, na Bibi alisema alielewa yote isipokuwa yale yaliyosemwa haraka. Kwa joto la Shinyanga ile gundi yake ililegea kila mchana. Siku moja nilimbeba Babu kwa baiskeli kwenda mnadani, na kabla hatujafika nikasikia mgongo wangu umelowa. Nilidhani ni jasho lake. Tulirudi nyumbani tukiwa tunanuka wote wawili.

Sasa, kwetu baiskeli ni kama mguu wa tatu, na mwanaume asiye na kichupa cha solusheni ya pancha mfukoni ni mwanaume asiyejitegemea. Nilikitazama kichupa changu. Nikautazama mfuko. Nikafikiri: kama inazuia upepo wa tairi lililobeba magunia mawili ya mpunga, mkojo wa mzee mmoja utaishindaje? Nilisugua ngozi kidogo kwa msasa, kama inavyotakiwa. Nilipaka, nikapuliza ikauke kidogo, nikabandika, nikakandamiza.

Ilishika. Nasema ilishika. Babu alitembea, akainama, akakimbiza mbuzi, akachuma mlenda. Siku nne mfuko haukucheza. Alikuwa anafungua bomba la chini anamwaga mkojo, anafunga, anaendelea na maisha. "Ulipoteza muda wako kwenye dhahabu," aliniambia. "Ungekuwa daktari."

Siku ya tano ilibidi kuubadilisha. Nilivuta polepole, haukutoka.

"Vuta kama mwanaume," Babu akasema.

Nikavuta kama mwanaume. Mfuko ulitoka na ngozi, na pembeni ya kile kinyama ikaruka damu nyembamba, ndefu, kama maji ya bomba lililotobolewa na jembe. Nilisimama na mfuko mkononi nikiishangaa. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyo: kitu kikiharibika, kwanza huwa nataka kuona kinavyoharibika. Bibi aliingia, akanisukuma kando, akakunja pembe ya khanga, akakandamiza pale kwa ngumi. Bibi amezalisha ng'ombe wengi kuliko bwana mifugo yeyote wa tarafa yetu. Aliendelea kukandamiza bila kuinua mkono mpaka maji ya ugali yaliyokuwa jikoni yakachemka, yakakauka, sufuria ikaanza kuungua. Alipoachia, damu ilikuwa imesimama.

"Hii ni pombe inatoka," akasema. "Miaka yote ile aliyokunywa. Imekosa mlango, imejitobolea."

"Hii ni solusheni," nikasema kimoyomoyo. Babu naye aligeukia ukutani, maana yeye ndiye aliyesema vuta.

Tuliacha solusheni. Nilishona mkanda wa kitambaa ukashikilia mfuko kiunoni, ukakaa vizuri kiasi. Kwa hiyo damu ilipokuja mara ya pili sikuwa na wa kumlaumu. Tulikuwa barazani tunakula michembe na karanga, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa ambavyo Babu huvipenda kuliko nyama. Akatazama chini ya shati lake, akatabasamu kama mtu aliyekutana na mwenzake wa zamani.

"Nimekuwa bingwa tena," akasema.

Mfuko ulikuwa mwekundu hadi nusu.

Hapo ndipo kazi ya pampu iliponisaidia. Duara likijaa maji, mjinga anawasha pampu tu, anatoa maji mchana kutwa, na maji yanarudi. Mtu wa pampu anayejua kazi anashuka kwanza na taa kuangalia maji yanaingilia wapi. Nilimlaza Babu mkekani, nikafungua mfuko, nikavaa taa yangu ya kichwa ya machimbo ingawa ilikuwa mchana, nikaomba kioo cha Bibi. Nilisubiri. Mkojo ukatoka kwenye kile kinyama, tone baada ya tone. Ulikuwa wa njano, safi. Damu haikutoka ndani. Ilitokea ukingoni, pale nyama ya utumbo inapoungana na ngozi ya tumbo, na pale ukingoni palikuwa na mviringo wa rangi ya zambarau, wenye vimishipa vilivyovimba na kujinyonganyonga kama mizizi ya mtama ukiung'oa. Vilikuwepo hata upande ambao solusheni haikugusa.

"Babu, hii si ile damu ya jaruba."

"Damu ni damu."

"Inatoka nje, haitoki ndani. Mishipa imevimba. Ukipasuka mkubwa utaisha kama ndoo iliyotoboka. Twende hospitali kesho."

"Ngoma ni wiki ijayo," akasema, akavuta shati lake chini. "Nikienda hospitali sasa, watauliza. Ngiri haimrudishi mtu hospitali mara mbili. Baada ya ngoma nitakwenda popote unapotaka."

Nilijaribu ujanja. Nilikwenda zahanati nikamwambia mganga nina rafiki ambaye ana mfuko wa mkojo, na pembeni panatoka damu. Mganga akaniambia huyo rafiki aletwe leo, si kesho. Nikasema rafiki yuko mbali. Rafiki mwenyewe, Babu, alikuwa nje, ameshika baiskeli. Nilipotoka nimwambie, alishapanda, anakwenda zake, anapiga kengele.

Siku ya ngoma Babu alivaa koti refu la mvua. Ilikuwa kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno, jua linapasua vichwa, na yeye ndani ya koti la mvua amefunga vifungo vyote. Alikaa kwenye kiti pembeni, kwa kuwa tulitangaza kwamba mgongo unamuuma, na kundi letu likaongozwa na kijana wake wa kwanza wa ngoma. Tulikuwa tunashindwa. Watu walikuwa wanahama mmoja mmoja kuvuka uwanja kwenda upande wa pili, kwa sababu manju wa upande wa pili alikuwa ameliona koti.

Aliimba, na nitaugeuza kwa Kiswahili jinsi nilivyousikia: wenzetu wameletewa mvua yao peke yao, wenzetu wana wingu ndani ya shati, mwambieni mzee afungue tuone kama mpunga umeota. Watu wakaanguka kwa kicheko. Alikuwa anaufukuza ukweli kama mbwa anavyonusa panya, na alikuwa karibu.

Nilimwona Babu anasaga meno. Nikamwambia, "Kaa." Akasema, "Mwizi wa mke, niache." Akasimama, akainua fimbo, akapiga hatua tatu za ngoma, hatua zake zenyewe, zile ambazo watu walikuwa hawajaziona tangu mwaka jana. Uwanja ulipiga kelele. Hatua ya nne haikuja. Alisimama akatazama chini. Kwenye kandambili zake za matairi palikuwa na wekundu, na mwingine ulikuwa unashuka mguuni, na haukuwa wa kudondoka, ulikuwa wa kutiririka.

Nikamlaza chini. Akanishika kola.

"Usifungue," akasema kwa sauti ndogo sana. "Mjukuu wangu, usifungue hapa. Nibebe nyuma ya mabua."

Nyuma ya mabua ya mahindi palikuwa mbali, na midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. Nilikumbuka khanga ya Bibi na sufuria iliyoungua. Nikakata vifungo vya koti, nikapandisha shati, nikatoa mfuko mbele ya kijiji kizima na nusu ya kijiji jirani, nikaitafuta ile sehemu kwa macho, nikaweka kidole gumba juu yake, na leso juu ya kidole, nikakandamiza.

Ngoma zikanyamaza, zetu kwanza, halafu za wale. Watu wote wakaja. Walizunguka tabaka kwa tabaka, waliokuwa upande wa pili wote wakavuka uwanja, wakasimama upande wetu wakitazama. Babu akafungua jicho moja.

"Hesabuni watu," akasema. "Tumeshinda."

Aliyepasua umati alikuwa manju wa upande wa pili. Niliogopa. Alitazama tumbo la Babu, akautazama mfuko ulioanguka, akanitazama mimi. Kisha akageukia watu wake: "Shusheni ngoma kwenye toyo." Toyo lake la magurudumu matatu ndilo lililobeba ngoma zao. Walizitupa chini kama viazi. Tukampakia Babu nyuma, mimi nimepiga magoti juu yake bila kuinua kidole, na manju akaendesha mwenyewe kuelekea Shinyanga mjini.

Kwenye rasta za kwanza za lami, yale matuta madogo ya kupunguza mwendo, akageuza kichwa. "Hiki nini hiki, mzee?"

"Kitovu," Babu akajibu. "Wewe unacho kimoja tu, pole."

"Na hamkushinda. Damu siyo ngoma."

"Sheria inasema watu. Haisemi wamekujia nini."

"Babu, nyamaza, unasukuma damu," nikasema.

"Mwambie yeye kwanza."

Hospitalini ilibidi muuguzi anibandue vidole kwa kuvinyoosha kimoja kimoja, vilikuwa vimekakamaa. Wakashona palepale palipopasuka, wakamwongezea damu. Ndugu tuliombwa tuchangie kurudishia ile iliyotumika. Mimi sikukubaliwa, nilikuwa na malaria ya Runzewe. Wajomba wawili walikubaliwa, na wa tatu aliyekunja shati alikuwa manju wa upande wa pili. Muuguzi alieleza kwa subira kwamba damu inakwenda benki na hakuna ajuaye imekwenda kwa nani. Babu hakuamini hata kidogo. Mpaka leo akikosea wimbo anasema ni ile chupa.

Baadaye tulipelekwa tena hospitali ya kanda, kwa daktari aliyempasua mara ya kwanza na mwenzake wa mambo ya ini. Wakampima kwa mashine ile ya kupaka mafuta tumboni. Nilimuuliza daktari maswali mengi mpaka akaniuliza nimesoma chuo gani. Alitueleza hivi. Babu alipokuwa kijana alivua samaki misimu kadhaa ziwani upande wa Geita. Kule aliokota kichocho cha aina nyingine, kinachokaa kwenye mishipa ya tumbo na kutia makovu kwenye ini. Ini likiwa na makovu, damu inayotoka kwenye utumbo haipiti vizuri. Ikizuiwa pale, inafanya kama madereva wa malori wanaoogopa mizani, inatafuta njia ya panya. Na pale walipounganisha utumbo na ngozi, njia ya panya ilipatikana. Mishipa midogo iliyokuwa haina kazi ikabebeshwa mzigo wa mikubwa, ikavimba, ikawa inasubiri kukwaruzwa tu. Alisema ni jambo la nadra, na yeye katika kazi yake alikuwa amemwona mgonjwa mmoja tu kabla ya Babu.

"Huyo wa kwanza anatoka kundi gani?" Babu akauliza.

Lakini neno lililomwinua kitandani lilikuwa jingine.

"Daktari, umesema ini. Kwa hiyo siyo pombe?"

"Siyo pombe, mzee. Ni kichocho."

"Rudia, tafadhali. Mke wangu sikio la upande huu ni zito."

Bibi alikuwa amekaa na kikapu chake mapajani, anatazama dirishani.

"Siyo pombe," daktari akarudia.

"Andika hapo kwenye cheti. Weka na mhuri. Miaka arobaini nimehukumiwa bila ushahidi."

"Nitaandika. Ila kwa ini hili, pombe huigusi tena mpaka unakufa."

Bibi akageuka. "Hilo," akasema, "nimelisikia kwa masikio yote mawili."

Kisha akaja muuguzi wa vidonda na mifuko, mama mnene mwenye miwani, akamfunua Babu, akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Hii ngozi imefanywa nini?"

Babu alinitazama. Bibi alinitazama. Mtu wa kitanda cha jirani, ambaye hatukuwa tunamfahamu, naye alinitazama.

"Solusheni," nikasema.

"Solusheni ya nini?"

"Ya pancha, mama."

Alitoka, akarudi na wauguzi wenzake watatu. "Haya, wewe," akaniambia, "waeleze na hawa." Nilieleza. Nilipofika kwenye msasa, mmoja wao alilazimika kukaa chini. Baadaye nilimfuata daktari kwenye korido kumuuliza kama ni mimi niliyetaka kumuua babu yangu. Akasema mishipa ilishakuwepo, ingepasuka tu siku moja. Mimi nilifungua mlango ambao ungefunguka wenyewe. Lakini nisifungue tena. Nimelala na jibu hilo usiku mwingi, na sijaamua kama lilikuwa msamaha.

Mama wa miwani alinifundisha kwa siku tatu, na mtihani wake ulikuwa mgumu kuliko wa darasa la sita. Mfuko haung'olewi. Unalowanishwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha unaishusha ngozi kwa kidole, siyo kuuvuta mfuko. Tundu la mfuko linakatwa kwa kipimo chake, lisibane wala kusugua ule ukingo wa zambarau. Na damu ikija, mgonjwa analala, mfuko unatolewa, unakandamiza palepale kwa kitambaa safi, bila kuchungulia.

"Bila kuchungulia," alinirudia mara tatu. Alikuwa ameshanijua. "Halafu unakuja hospitali, hata kama imekata."

Babu alipewa dawa ya kuua hao wadudu, na vidonge vya kila siku vya kupunguza msukumo wa damu kwenye mishipa ile, na ahadi kwamba ikirudi kwa nguvu atapelekwa mbali zaidi, wakaizibe mishipa kutokea ndani kwa waya mwembamba. Imerudi mara moja tangu hapo, kidogo. Nilikandamiza. Sikuchungulia. Nilitamani.

Sasa kilichobaki kilikuwa wimbo. Tulirudi kijijini tukijua umeshatungwa. Video ya siku ile ilikuwa imezunguka kwenye simu mpaka Mhunze. Babu alisubiri kwa hamu na kwa hofu, kama mtu anayesubiri kukatwa jipu. Ngoma ya marudiano ikafika, maana matokeo ya kwanza yalikuwa yamebishaniwa mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Tukasimama uwanjani. Manju wa upande wa pili akaimba bei ya pamba. Akaimba mbu. Akamwimba bwana shamba. Kuhusu Babu, neno hata moja.

Nilifurahi. Babu alivimba.

"Ananionea huruma," akasema. "Umesikia? Anaimba mbu! Mtu haimbwi akiwa amekufa. Huyu ameshanizika."

Akanitupia fimbo, akasimama, na safari hii hakuvaa koti. Alipandisha shati mwenyewe. Mfuko ulikuwa umekaa vizuri, niliukata mimi kwa kipimo. Akaanza kwa sauti ile ya zamani, na kundi zima likaitikia bila kufundishwa: ninyi mna kitovu kimoja, cha mama, mimi nina cha mama na cha daktari, ninyi mkibanwa mnakimbilia vichakani, mimi nakojoa nikiwa nawatazama usoni. Kulikuwa na beti za solusheni ambazo sitaziandika hapa. Watu walivuka uwanja wakikimbia. Wamama walikaa chini kwa kucheka. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele yake namulika ule ukingo kwa taa ya kichwa, kuona kama umebadilika rangi, na haukubadilika.

Wakati wanampongeza nilihisi mtu ananivuta mkono nyuma ya ngoma. Alikuwa manju wa upande wa pili. Nikadhani anataka kubishana habari ya idadi ya watu.

"Ile damu ya mzee," akasema, "kule mwanzo kabisa, kabla ya kukatwa. Ilikuwa ya mkojo?"

"Ndiyo."

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Mimi natoa nyekundu tangu tulipopanda pamba."

"Tangu kupanda? Mbona hukusema siku ile tuko hospitali, umekunja shati unatoa damu?"

"Nimwambie nani? Ningeimbwa." Akatazama upande wa Babu. "Usimwambie yule."

Nilienda moja kwa moja nikamwambia yule. Siri za damu nilishazichoka. Babu alisikiliza, shati bado limepanda. Akaliteremsha shati. Akatembea mpaka kwa mwenzake, akasimama mbele yake.

"Jumatatu," akasema. "Toyo lako, mafuta yako. Mimi nakaa mbele, wewe bado una nguvu, unaendesha. Huyu mwizi wa mke atakaa nyuma, anayajua maswali ya kuuliza."

Jumatatu tulikwenda. Walibishana juu ya matokeo mpaka tulipoona mabati ya mjini. Kwenye kona ya mwisho manju akapunguza mwendo.

"Mzee," akauliza bila kugeuka, "kukatwa kibofu kunauma?"

Babu alifikiri kwa haki, kama shahidi.

"Kibofu hakiumi sana," akasema. Kisha akanitazama mimi kule nyuma. "Kinachouma ni solusheni."